Miguu Yangu na Dawa za Wageni

Mwaka ule hakuna mgeni aliyeingia nyumbani kwetu mikono mitupu. Zamani walituletea ndizi mbivu, mkate wa kumimina, au doti ya kanga kwa mke wangu kutoka kwa jamaa waliokwenda Unguja na kurudi. Mwaka ule walileta dawa. Kabati la viatu pale mlangoni likahamwa na viatu, likajaa chupa, vifurushi vya magazeti na makopo ya maziwa ya unga yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino: "ya kuchua", "ya kunywa", na moja limeandikwa "usichanganye", bila kuelezwa usichanganye na nini.

Zote zilikuwa kwa ajili ya miguu yangu.

Nilikuwa nimeishi na kisukari miaka kumi na minne, kama mtu anavyoishi na jirani asiyejibu salamu. Yeye kwake, mimi kwangu. Kisha akaanza kubisha hodi kwa chini. Nyayo ziliwaka moto hata nikiwa nimekaa chini ya kiyoyozi. Shuka ikinigusa vidole niliisikia kama msasa. Saa nyingine nilihisi siafu wanapita chini ya ngozi, nikitazama sioni kitu. Daktari wetu, mama wa Kihindi kutoka Kerala mwenye kliniki ndogo mtaa wa pili, alinieleza kwa Kiarabu chake cha dukani kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu huila mishipa ya fahamu, na huanza na ile ya mbali, ya miguuni. Akaniandikia vidonge. Akaniambia nipunguze wali, niache halua, nitembee kila siku. Vidonge nilimeza. Halua niliiacha, na Mwenyezi Mungu anajua kwamba hilo si jambo dogo kwa mtu wa Unguja.

Maumivu ningeyavumilia. Niliiogopa Ramadhani.

Kwa miaka mingi nilikuwa karani katika bandari ya Hamriya, hapa Dubai, nikiandika shehena za kwenda Mombasa, Unguja na Bosaso. Nilipostaafu nilibaki na kazi moja tu pale: kusalisha tarawehe katika chumba cha kusalia nyuma ya maghala. Rakaa ishirini, juzuu moja kila usiku, tukakhitimisha mwezi ukikaribia kwisha. Nyuma yangu walisimama wapakiaji, madereva wa kreni na wafanyabiashara wa pwani wanaosubiri mizigo yao. Miaka kumi na tisa sikukosa. Rajabu ya mwaka ule nilijaribu kusimama rakaa nne za sunna sebuleni, na katika rakaa ya tatu nikashika ukuta. Zilikuwa zimebaki wiki saba.

Najua kwamba asiyeweza kusimama husali amekaa. Najua pia kwamba katika madhehebu yetu imamu aliyekaa huweza kusaliwa nyuma na waliosimama. Masuala hayo nimeyafundisha mwenyewe mara nyingi. Lakini kuifundisha ruhusa ni kitu kimoja, na kuihitaji ni kitu kingine. Nilitaka kusimama.

Habari zilienea, nadhani kwa kuwa nilishika ukuta mbele ya mke wangu. Yeye husema mficha maradhi kilio humfichua, kwa hiyo hakuficha. Aliwaambia majirani, majirani wakapiga simu, na katika wiki moja miguu yangu ilikuwa inajulikana Dar es Salaam.

Mke wangu mwenyewe ndiye aliyeanza. Aliloweka uwatu usiku, asubuhi akanipa maji yake pamoja na mbegu zilizovimba. Baada yake akaja rafiki yangu wa Mombasa, mtu wa biashara ya matairi, ambaye tumefahamiana tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Yeye alileta habasoda iliyosagwa, na manjano yaliyopondwa na tangawizi. Jirani wa chini akaleta mdalasini. Na kila aliyeleta alisema maneno yale yale: uinywe na asali. Asali imesifiwa katika Kitabu, nani atabisha? Mimi ndiye niliyewafundisha.

Tena kuna adabu yake. Mtu ametoka Sharjah kwa teksi, ameshika chupa kwa mikono miwili. Huwezi kuipokea na kuiweka kabatini kama risiti. Unamwambia mke wako alete kijiko, unakoroga na asali mbele ya mgeni, unameza, na yeye anakutazama koo. Kisha anauliza kama umeona nafuu. Nami husema, "Naanza kuiona, inshallah." Mgeni hufurahi, na furaha ya mgeni ni thawabu.

Dawa moja tu haikuja na asali, nayo ni ile ya pilipili. Rafiki yangu wa Mombasa alichemsha pilipili kali ndani ya mafuta ya nazi mpaka yakawa mekundu, akaniletea katika chupa ya sharubati.

"Sheikh," akaniambia, "dawa ya moto ni moto. Chua usiogope."

Nilichua baada ya adhuhuri, na nitasema kweli, kwa muda wa saa nzima miguu ilipata joto lake ikatulia. Nilimshukuru Mola. Kisha ikaadhiniwa alasiri, nikaenda kutawadha, nikajaza maji viganjani na kuosha uso. Mikono nilikuwa nimeinawa kwa sabuni mara mbili, lakini pilipili haisikilizi sabuni. Nilitoka msalani naona machozi tu.

"Maalim," mke wangu akaniuliza, "umelia kwa toba au kwa pilipili?"

"Kwa vyote viwili," nikamwambia, naye akaniosha macho kwa maziwa huku akitetemeka kwa kicheko.

Jirani mwingine aliyenishughulikia alikuwa askari wa hoteli, Mkenya kutoka Kakamega, baba wa watoto watatu waliobaki nyumbani. Aliishi na wenzake ghorofa ya juu yetu, akilinda lango la kuingizia magari kwenye hoteli moja karibu na bahari. Alikuwa Mkristo wa kweli, mwenye kanisa lake la kila Ijumaa, kwani Dubai wakati ule hata Jumapili ya Wakristo ilikuwa Ijumaa. Akitoka zamu hupita mlangoni.

"Mzee, hizo miguu ziko aje leo?"

"Zipo, mwanangu. Zinawaka."

"Nimekuombea kanisani."

"Nami nimekuombea msikitini. Tutaona nani atajibiwa kwanza."

Siku moja alileta mfuko wa majani ya mwarobaini aliyoyachuma kwenye maegesho ya hoteli. Alisema kwao mti ule ni duka la dawa, hapa wanautumia kuweka magari kivulini. Yakachemshwa, yakawa machungu kuliko machungu yote niliyoyajua, na bila shaka nikayanywa na asali.

Sasa nieleze jambo la maji, kwa sababu ndilo lililoniponza. Aliyekaa Dubai wakati wa kiangazi anajua kwamba maji ya bomba la baridi ndiyo ya moto. Matangi yako juu ya paa, jua linayapika mchana kutwa. Kutawadha kwa maji yale, kwa mtu ambaye nyayo zake zinaungua tayari, kulikuwa mtihani mara tano kwa siku. Nikakumbuka soksi zangu za ngozi, zile ambazo wanavyuoni huziita khufu. Nilizinunua Madina nilipokwenda hija. Mtu akizivaa akiwa na udhu kamili, anaruhusiwa kupangusa juu yake kwa mkono wenye maji badala ya kuosha miguu. Mkazi kwa mchana na usiku mmoja, msafiri kwa siku tatu. Nilijiambia, dini yetu ni nyepesi, kwa nini niifanye nzito? Nikamwomba mke wangu anitolee.

Alizitoa kwenye sanduku lake. Na sanduku la mwanamke wa Unguja halifunguki bila harufu: nguo zake hulala na karafuu kavu na vipande vya udi, ili zisiingie wadudu wala uvundo. Soksi zangu zilikuwa zimelala humo miaka sita. Zilinukia vizuri sana.

Nikazivaa. Raha iliyoje. Kila alfajiri nilizivua, nikaosha miguu haraka chini ya bomba, mmoja juu ya mwingine bila kuinama kwa sababu ya kiuno, nikaikausha na kuzivaa tena. Siku nzima nilipangusa tu. Nilifurahi hata nikawasomesha wanafunzi wangu wa jioni masuala ya khufu mara ya pili, na hawakuwa wameomba.

Hivyo tukaingia Shaabani. Dawa tano kwa ndani, moja kwa nje, soksi miguuni, na moyo wangu umejaa matumaini. Miguu, hata hivyo, iliwaka zaidi. Nilikuwa na kiu isiyokatika, na uchovu wa mtu aliyebeba magunia. Mke wangu akasema twende kwa daktari. Nikasema tumalize kwanza chupa ya habasoda. Akasema twende leo.

Daktari alinipima kidole, akatazama mashine, akanipima kidole cha pili. Akaniuliza kama nimeacha vidonge. Nikamwambia la. Halua? Nikaapa. Soda, sharubati, tende? Tende tatu kwa siku, basi. Akamgeukia mke wangu kama hakimu anayetafuta shahidi, naye akasema ni kweli, maalim hata chai anakunywa kavu. Daktari akauliza kama kuna dawa nyingine ninazotumia.

Mke wangu aliondoka akarudi na kapu. Tunakaa karibu, hata robo saa haikupita. Alizipanga mezani moja moja, na daktari akazifungua na kuzinusa kwa heshima, maana hata kwao Kerala watu wana dawa za bibi zao. Uwatu aliutambua, manjano aliyatambua, mwarobaini aliuonja akafumba jicho moja.

"Na hii unakunywa na nini?" akauliza, ameshika habasoda.

"Na asali."

"Na hii?"

"Na asali."

Akafika ya tano. Akamwomba mke wangu ahesabu vijiko kwa siku nzima. Mke wangu akahesabu kwa vidole: habasoda vitatu, manjano viwili, mwarobaini vitatu, uwatu viwili, mdalasini kimoja. Vidole vya mikono vikaisha, akabaki na kijiko kimoja cha ziada, hajui akiweke wapi.

"Baba," daktari akaniambia, "asali ni nini?"

"Asali ni dawa."

"Ni dawa. Na ni sukari."

Nilimtazama mke wangu, naye akatazama kapu. Kisha daktari akaanza kucheka, polepole, mkono mdomoni, akituomba radhi katikati ya kicheko, na sisi wawili tukashindwa kujizuia. Ningeweza kucheka mpaka leo kama asingeniambia nivue soksi.

Alinitaka nifumbe macho. Alikuwa na kijiti chenye uzi mgumu wa nailoni, akasema ataugusisha kwenye nyayo, nami niseme kila nikiusikia. Nikafumba macho nikangoja. Nikangoja sana. Nilidhani ameitwa nje. Hatimaye nikauliza ataanza lini.

"Nimekwisha kugusa mara tisa," akasema.

Nilifumbua macho. Mke wangu alikuwa ameacha kucheka. Sikuelewa mguu unaopiga kelele hivyo kwa shuka unawezaje kunyamaza kwa uzi ule. Daktari akasema ndivyo ilivyo; mshipa ulioharibika husema usiyoulizwa na hunyamaza ukiulizwa. Akaunyanyua mguu wa kulia, akainama, akauliza hiki ni nini. Chini ya kidole kidogo palikuwa na kidonda cha ukubwa wa dengu. Akaikung'uta soksi. Ikadondoka karafuu moja, nzima, na kichwa chake, ikalia juu ya sakafu.

Nilikuwa nimetembea juu yake siku kumi na mbili. Ilikwama kwenye mshono wa soksi, na kila alfajiri niliosha mguu bila kuutazama, nikaurudisha juu ya ule msumari.

Mke wangu aliiokota, akaitambua. Macho yake yakajaa maji. Akasema ni ya sanduku lake, ni kosa lake. Nikamwambia sanduku halina kosa, wala soksi, wala ruhusa ya dini. Ruhusa ile aliwekewa mtu apunguziwe taabu, hakuwekewa mzee mvivu wa kuinama. Daktari alikuwa anasafisha kidonda na sikudhani anatusikiliza, kwa kuwa tulisema Kiswahili. Lakini nadhani alielewa, maana alipomaliza kufunga bendeji alinyoosha mgongo akaniambia maneno ambayo nimeyarudia katika darasa zangu zote tangu siku ile.

"Wagonjwa wangu wote nawabembeleza waitazame miguu yao mara moja kwa siku, hawataki. Wewe Mola wako amekuamrisha uioshe mara tano, mpaka katikati ya vidole. Mimi nimefundishwa hivyo na wagonjwa wa Kiislamu. Kwa nini uliificha?"

Nimesoma fiqhi kwa masheikh wakubwa, Mungu awarehemu. Somo lile la miguu nilikuja kulikamilisha kwa mama wa Kerala mwenye nukta nyekundu kwenye paji la uso. Namshukuru yeye, na namshukuru aliyemleta mtaa wa pili.

Wiki mbili sikwenda popote isipokuwa kliniki, kubadilishwa bendeji. Kuhusu kapu, daktari hakulitupa. Alisema maji ya uwatu na mdalasini kidogo naweza kuendelea navyo, bila asali, na asiwepo wa kunidanganya kwamba vinashika nafasi ya vidonge. Mwarobaini niuache, usije ukagombana na vidonge. Pilipili alisema si ujinga. Hata duka la dawa lina malhamu yake, iliyopimwa, na hupakwa kwenye ngozi isiyo na kidonda, kwa mkono wenye glavu. Rafiki yangu wa Mombasa aliposikia kwamba duka la dawa linauza pilipili alijisifu siku tatu. Asali, makopo mawili na nusu, ilipelekwa ghorofa ya juu kwa askari na wenzake. Nilisikia wanaila na mkate.

Wageni waliendelea kuja, nasi tukaweka sharti jipya: anayeleta dawa aionje yeye kwanza, kavu, mbele yangu. Rafiki yangu wa Mombasa alikuwa wa kwanza. Aliweka kijiko cha habasoda mdomoni, akatafuna, akatafuna, macho yakamtoka.

"Yakhe," akasema alipoweza kusema, "wewe umekuwa ukila hii?"

"Na asali," nikamwambia.

Tangu hapo dawa zilipungua, zikarudi ndizi, ambazo nazo sikuruhusiwa.

Lililobaki lilikuwa kuziona nyayo zangu. Nilirudi kuosha miguu kwa kila sala, na kwa kuwa hita, ambayo tangi lake limo ndani ya nyumba mbali na jua, ilikuwa imezimwa kiangazi chote, mke wangu aliniambia nitumie bomba la moto, ambalo ndilo lenye maji ya baridi. Jambo hilo kila mpangaji wa Dubai analijua. Mimi nililijua pia, nikalisahau katika shida zangu. Lakini kuinama kutazama chini ya mguu kiuno kilikataa, na mke wangu macho yake hayana nguvu. Nilimweleza askari siku moja mlangoni, kwa mazungumzo tu. Siku ya pili akaja ameficha kitu nyuma ya mgongo.

"Mzee, leo nimekuletea dawa ya kutolambwa."

Kilikuwa kile kioo chao chenye mpini mrefu na magurudumu madogo, cha kukagulia chini ya magari yanapoingia hotelini. Mpini wake ulikuwa umepinda na hoteli imekitupa. Mkubwa wake alimpa ruhusa akichukue. Akakiingiza chini ya kiti changu, akaniambia ninyanyue mguu, akaukagua kwa uso mkali wa kazini, kushoto, kulia, katikati ya vidole.

"Hakuna kitu. Gari ipite," akasema.

Kikawekwa karibu na bomba, na tangu hapo kila udhu ulikuwa na ukaguzi wake. Kidonda kilifunga siku nne kabla ya mwezi kuandama.

Daktari alinipa masharti. Saumu nifunge huku nikijipima, na nikiona sukari imeshuka au imepanda kupita alama aliyoichora, nifungue bila kubishana naye wala na nafsi yangu. Nilifungua siku tatu mwezi ule, na nikazilipa baada ya Idi. Kuhusu kusimama alisema nijaribu, juu ya zulia nene, na nikichoka nikae. Sukari ilikuwa imeteremka kwa kuacha asali peke yake. Moto wa miguu ulipungua, haukuzimika, na haujazimika mpaka leo.

Usiku wa kwanza wapakiaji walikuwa wametandika mazulia mawili, moja juu ya jingine, mahali pangu tu. Nyuma yangu wakaweka kiti, na hakuna aliyekitaja. Nilisimama nikapiga takbiri. Katika rakaa ya tatu, ile iliyonishikisha ukuta nyumbani, niliisikia miguu inawaka, nikaendelea kusoma, na aya zikaja moja baada ya nyingine kama zilivyozoea. Nikasalisha nane nikiwa nimesimama. Nilipotoa salamu nikamshika mkono mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, mpakiaji mwenye mapafu kama mvukuto, nikamsogeza mbele amalizie kumi na mbili. Mimi nikakaa kwenye kile kiti, nikasali nyuma yake nimekaa. Nilikuwa nimekiogopa kwa wiki saba, na kumbe kilikuwa kiti tu. Ndivyo tulivyogawana mwezi mzima, na ndivyo tunavyogawana mpaka sasa.

Niliporudi nyumbani nilimkuta askari kwenye ngazi, amevaa sare, anakwenda zamu ya usiku. Alijua ni usiku gani. Alisimama wima kama yuko langoni, akaniinulia mkono wa kusimamisha magari.

"Mzee, gari imepita?"

"Imepita nane, mwanangu," nikamwambia. "Zilizobaki imevutwa."

Akaushusha mkono akaniachia njia, na ndani mke wangu alikuwa ameshasukuma kioo chini ya kiti, ananingoja nivue viatu.